Mashine inachoma asubuhi, jioni inagoma: pima kwanza kabla hujampa fundi hela

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Una mashine ya kuchomelea, inverta ya ampea 200, unachomelea nyuma ya nyumba. Asubuhi inakwenda vizuri na rodi ya milimita 2.5, ila ikifika saa kumi na mbili jioni rodi inanata, taa ya njano inawaka, mara mashine inazima na kujiwasha yenyewe. Fundi kasema IGBT, yaani zile swichi kubwa za umeme za ndani, zimekufa, anataka laki na ishirini. Usimpe kwanza.

Nakwambia hivyo kwa sababu mimi nilitoa. Nina kibanda cha bati nyuma ya nyumba, huku Chanika, Dar. Mchana niko stoo ya watu, kuchomelea ni kazi yangu ya jioni na Jumapili: grili za madirisha, vitanda vya chuma, stendi za matenki ya maji. Mashine yangu ilianza mchezo huohuo wa kwako. Nikaipeleka kwa fundi, akabadilisha alivyobadilisha, akaijaribu mbele yangu, ikachoma flati ya milimita 6 kama kisu kwenye siagi. Nikalipa, nikarudi nyumbani, jioni nikawasha. Rodi ikanata. Kesho yake nikamrudishia, kwake ikachoma tena. Safari ya tatu tulikuwa hatusalimiani vizuri. Mimi naona ameniibia, yeye anaona namtafutia sababu. Kumbe wote wawili tulikuwa wakweli: kwake inachoma, kwangu inagoma.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar, niliyezoea kununua kwake vipande vya chuma. Nilipomsimulia hakuuliza mashine ni ya kampuni gani. Aliuliza, "Umepima umeme pale mashine inapoingilia, rodi ikiwa inawaka?" Nikamwambia nimepima kwenye soketi ya ukutani, ni volti 214. Akacheka. "Hapo umepima mgonjwa akiwa amelala, kijana. Mpime akiwa amebeba gunia."

Nenda kafanye hivi. Tafuta ekstensheni yenye matundu mawili, tundu moja chomeka mashine, jingine ingiza vidole vya multimeta (kile kipimo cha umeme) ikiwa kwenye AC. Mtu mmoja achome rodi nzima ya 2.5 kwenye chuma chakavu, mwingine asome. Mimi nilipofanya hivyo, 214 ikashuka hadi 168 rodi inapowaka, na ikawa inachezacheza. Hapo mashine ya volti 230 ina lawama gani?

Hesabu yake haihitaji chuo. Ukichoma kwa ampea 100, moto pale kwenye ncha ya rodi unakaa kwenye volti kama 24, kwa hiyo ni wati 2,400. Ongeza zinazopotea ndani ya mashine, unafika karibu 3,000. Ukigawa kwa 230 unapata ampea 13, lakini inverta za bei yetu hazivuti umeme kwa ulaini, zinaunyonya kwa mapigo, kwa hiyo kwenye waya zinapita kama 18 hadi 20. Sasa waya wa shaba wa milimita 1.5 una ukinzani wa karibu omu 12 kwa kila kilomita. Ekstensheni ya mita 40 ni mita 80 kwenda na kurudi, hiyo ni karibu omu 1 nzima. Zidisha kwa ampea 20: volti 20 zimeishia njiani zikipasha waya moto. Na hapo waya ni wa kweli. Wangu ulikuwa umeandikwa 1.5, nilipoukwangua kwa kisu ndani ukawa mweupe: alumini iliyovishwa shaba. Ongeza waya wa kutoka nguzoni, ongeza jioni mtaa mzima umewasha pasi, friji na majiko, hiyo 168 haina maajabu.

Kibaya zaidi ni kwamba inverta haitulii umeme unaposhuka. Inajitahidi kutoa moto uleule, kwa hiyo volti zikipungua inavuta ampea nyingi zaidi, na zikiwa nyingi waya unakula volti zaidi. Ni kama kunywa uji mzito kwa mrija wa kalamu, ukivuta kwa nguvu mrija unabana. Mwisho wake ulinzi wa ndani unasema basi, taa ya njano inawaka. Sisi tunasema mashine mbovu.

Na hapo kuna kitu kingine kwenye swali lako mwenyewe. IGBT ikifa, mara nyingi inakufa kwa kushika shoti. Ukichomeka, breka inaruka au mashine inagoma kabisa. Haifi jioni ikafufuka asubuhi. Mashine inayofuata saa ya ukutani inaumwa umeme, haiumwi IGBT.

Tiba yangu ilikuwa hii: nilimwita fundi umeme mwenye leseni, akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye breka kuu hadi kibandani, mita kama 20, shaba ya milimita 4, na breka yake ya 25. Mwishoni hakuweka soketi ya kawaida, aliweka ile ya bluu ya duara ya ampea 32. Hii ya mwisho watu wanaidharau. Plagi ya miguu mitatu bapa tunayotumia majumbani ina fyuzi ya 13 ndani, haikutengenezwa kubeba 20 kwa muda mrefu. Inachemka, plastiki inalainika, mguu wa soketi unalegea, na mahali palipolegea panachemka zaidi. Halafu fyuzi ikikatika mtu anafunga waya au anaweka kipande cha msumari. Nimeona soketi iliyoungua mpaka ukuta ukawa mweusi kwa ajili ya msumari wa namna hiyo. Baada ya laini mpya nilipima tena: 214 ikashuka hadi 199 rodi ikiwaka. Mashine ileile, IGBT zilezile, ikarudi kuwa mashine. Ukishindwa kuvuta laini leo, angalau tumia ekstensheni fupi na nene, na kama ni ya kuviringisha kwenye pipa ifungue yote chini. Ikiwa imeviringwa inajipika yenyewe.

Tuseme umepima na volti haishuki chini ya 200. Basi hamia upande wa pili, kule ambako umeme unatoka kwenda kwenye chuma. Hapa mchawi wa kwanza ni klampu ya athi, kile kibanio kinachoshika chuma unachochomelea. Chukua ya kwako uitazame kwa makini. Hizi zinazokuja na mashine huwa na meno mawili ya shaba nyembamba, waya umefungwa kwenye taya moja tu, na taya la pili linapata umeme kupitia springi na kile kipini cha katikati. Kikishika kutu kidogo, nusu ya klampu ni pambo. Choma rodi mbili mfululizo, zima mashine, halafu iguse kwa tahadhari. Kama klampu ni ya moto kuliko waya, huko ndiko moto wako unakoishia. Njia ya uhakika ni multimeta kwenye DC, kidole kimoja kwenye lagi ya waya (kile kichwa cha chuma kinachofunga waya kwenye klampu), kingine kwenye chuma unachochomelea, mwenzako akichoma. Ukiona volti 1 au 2, pana uchafu. Kwenye muunganiko mzuri utasoma sehemu ndogo tu ya volti. Mimi niliitupa yangu, nikanunua ya shaba nzito, lagi nikaibana kwa nyundo na kuilehemu, na kila kazi nakwangua rangi na kutu kwa grenda mahali klampu inapokaa. Kuibana juu ya rangi na kutegemea meno yatatoboa ni kujidanganya. Kagua pia zile plagi za kuzungusha mbele ya mashine: zizungushe mpaka zikaze kabisa. Ikilegea inayeyuka, na soketi yake kuibadilisha ni kazi.

Kuna ugonjwa mmoja wa ndani unaofanana sana na wako, lazima niutaje ili nisikupoteze. Ndani ya inverta, unapowasha, umeme hupitia kwanza kwenye rezista inayoupunguza kasi ili kapasita zinazotunza umeme zijae taratibu, kisha baada ya sekunde moja hivi rilei, swichi ndogo inayojifunga yenyewe, inafunga na kuiruka ile rezista. Utaisikia: "tak". Rilei ikichoka au meno yake yakiungua, mashine inaendelea kuishi kupitia rezista. Taa itawaka, feni itazunguka, namba zitaonekana, ila ukigusisha rodi kwenye chuma tu kila kitu kinaanguka na kuanza upya. Tofauti yake na ugonjwa wa umeme ni kwamba huu hauchagui asubuhi wala jioni. Ukiwasha husikii ile "tak", au unaisikia lakini rezista imebabuka. Rilei ni bei ya chipsi na mishikaki. Kwa hiyo ukimpelekea fundi, mwambie aanzie hapo kabla hajataja IGBT.

Ukiamua kufungua mwenyewe, soma hapa polepole. Kapasita kubwa za ndani zinabeba volti zaidi ya 300 za DC, na hazijui kwamba umechomoa plagi. Chomoa, kaa dakika kumi, kisha pima kwenye miguu ya kapasita. Kama bado kuna umeme, utoe kwa balbu ya zamani ya uzi iliyofungwa nyaya mbili zenye gamba mpaka vidoleni. Usiutoe kwa bisibisi: inapiga shoti inayong'oa njia za bodi, na wewe unaruka ukapige kichwa kwenye bati. Ikishakuwa sifuri, puliza vumbi. Wengi wetu tunaweka mashine chini, mita moja kutoka tunapokata kwa grenda, na feni inavuta zile chembe za chuma moja kwa moja hadi kwenye bodi. Chembe za chuma zinapitisha umeme. Nadhani mashine nyingi zilizokufa kweli mitaani kwetu zimekufa hivyo. Yangu sasa inaning'inia ukutani, usawa wa kifua, na nikikata nageuza cheche upande wa pili. Nikipuliza kwa kompresa ya matairi nashika feni kwa kidole isizunguke ovyo, na nasimama mbali kidogo kwa sababu hewa ya kompresa ina maji.

Rodi zako sijui umezihifadhi wapi, lakini ukiwa Dar na pakiti imefunguliwa tangu masika, unyevu tayari umeingia. Utajua kwa mlio: inatema na kupasuka, mshono unakuwa na vitundu, na gamba la rodi linamomonyoka. Rodi zilizoandikwa namba 6013 naziweka kwenye joto la digrii 100 hivi kwa saa moja zinarudi. Usizipashe moto zaidi, gamba lake linahitaji unyevu kidogo. Za 7018 ni habari nyingine, zinataka zaidi ya 300, na kwa geti la nyumbani sioni sababu ya kujisumbua nazo. Kama unachomelea skwea paipu nyembamba ya milimita 1.2 na inatoboka, weka holda (kishikio cha rodi) kwenye hasi, shusha hadi ampea 50 au 60, tumia rodi ya 2.0 ukiipata, choma mishono mifupi. Ugomvi mwingi wa "mashine haina nguvu" na "mashine inatoboa" ni wa mtu mmoja kwa siku moja.

Na yule mchangiaji mwingine aliyekujibu kwamba ukichomelea paipu za mabati unywe maziwa kwanza: mimi nimeyanywa miaka mingi, ni matamu, lakini hayazuii kitu. Moshi wa zinki unaingia kwenye mapafu, maziwa yanaenda tumboni. Usiku nilitetemeka kama mwenye malaria, kipimo kikasema hakuna, kesho yake jioni nikawa mzima. Siku hizi nasaga ile zinki kwa grenda nikiwa na barakoa ya vumbi ya maana, nachomelea nje, na nasimama upande upepo unakotoka.

Sasa mkuu, kabla hujatoa hiyo laki na ishirini, leo jioni saa ileile inapogoma pima vitu vitatu: volti bila kuchoma, volti rodi ikiwa inawaka, na volti kati ya lagi ya klampu na chuma. Kesho asubuhi rudia ya pili tu. Taja pia urefu wa ekstensheni na unene ulioandikwa juu yake, halafu ukwangue ncha utuambie ndani ni nyekundu au nyeupe. Weka namba hizo hapa, mimi huwa naingia baada ya saa tatu usiku nikishanawa masizi.