Kuosha matangi ya maji: kuna pesa kweli?

SWALI: Dada, habari ya kazi. Mimi ni kijana wa mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, namsaidia fundi wa mabomba na kila tukipanda juu ya fleti nakuta matangi yana tope hadi yananuka, hakuna mtu ameyaosha tangu yawekwe. Nina akiba ya elfu 40, nataka nianze kuyaosha lakini marafiki wananicheka, wanasema hiyo ni kazi chafu, niuze kava za simu mjini. Nifanye nini?
*Mpanda Ngazi, Pipeline*

JIBU: Ndugu yangu, achana na kava. Pita Luthuli Avenue uone vile maduka yamebanana yakiuza kitu kile kile, wanashushiana bei mpaka faida inaisha. Wewe umeona shida ambayo wenzako hawataki hata kuishika, na hapo ndio nafasi yako iko.

Maji ya Nairobi yanakuja kwa mgao, kwa hivyo kila ploti lazima iwe na tangi, na bomba la kutolea maji huwa limewekwa juu kidogo ya sakafu ya tangi, ndio maana tope linabaki chini hata maji yakiisha kabisa. Hiyo kazi haitaisha leo wala kesho.

Lakini usikimbizane na tangi moja moja. Tafuta ploti ambazo utakuwa unarudi kila miezi 6, uandike tarehe kwa daftari na umpigie mwenye ploti kabla akusahau. Tufanye hesabu ya mfano: fleti ina matangi 4, unachaji 2,500 kila moja, hiyo ni 10,000, toa msaidizi, klorini, nauli na kitu kidogo cha keateka, yule mtunza jengo, tuseme 3,000, unabaki na 7,000. Ukiwa na fleti 12 za kurudia mara mbili kwa mwaka unapata 168,000, yaani 14,000 kwa mwezi, na hiyo hapa Nairobi haitoshi. Zikifika 30 ni 35,000 kwa mwezi. Kwa hivyo usiache kazi ya fundi sasa, na hiyo elfu 40 usiimalize kwa mashine kubwa. Brashi ndefu, ndoo, gambuti, glavu, tochi na pampu ndogo ya kunyonya tope zinatosha.

Keateka ndiye anajua landlodi ako wapi na ajenti ni nani, muheshimu sana. Chota maji ya chini ya tangi kwa chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, piga picha, mtumie landlodi kwa WhatsApp kabla hujataja bei. Ukimaliza kuosha tuma picha ingine na risiti. Ukiwa hapo juu angalia floti, ile vali inayofunga maji tangi likijaa, kama inavuja itengeneze, ujuzi unao tayari na hiyo unalipisha kando.

Panga kuosha siku moja kabla ya zamu ya maji, tangi likiwa karibu kuisha, hakuna mpangaji atakubali umwage maji ya kununua. Baada ya kusugua na kutoa tope weka klorini ya unga, ile kali ya asilimia 65 hivi, gramu 80 kwa kila lita 1,000, kwa hivyo tangi la lita 5,000 ni gramu 400, jaza maji, acha masaa 24 halafu umwage yote na usuuze. Waambie wapangaji mapema wajaze mitungi na wasiguse hayo maji.

Na tafadhali sana, usiingie ndani ya tangi peke yako, mtu abaki nje kwa mdomo wa tangi akikuangalia na kukuongelesha, na usichanganye klorini na asidi ya kuoshea choo, hiyo gesi inaua. Msaidizi asipokuja siku hiyo, ahirisha kazi hata kama landlodi amekasirika.