Twiga aliyevuka Rufiji

Juzi usiku kijana mmoja aliyemaliza chuo mwaka jana aliniandikia ujumbe mrefu. Amepata kibarua chake cha kwanza kwenye kampuni ya ushauri inayoandaa tathmini ya athari kwa mazingira, TAM kama tunavyoizoea, ya mradi wa kutafuta gesi nchi kavu huko kusini. Wiki ijayo anaingia porini. Aliniomba vitu viwili: ushauri, na ripoti ya mfano "ili nipate pa kuanzia, kaka."

Nikacheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Mimi pia nilianzia kwenye ripoti ya mfano.

Ilikuwa 2013. Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka ule. Gesi ya Songo Songo ilikuwa imegunduliwa tangu 1974, ya Mnazi Bay 1982, lakini ni miaka ile ndipo nchi nzima ilipoanza kuongea gesi kama inavyoongea Simba na Yanga. Mwezi Mei Mtwara kuliwaka moto kwa ajili ya bomba la kwenda Dar. Na mjini, kila kampuni ya ushauri ilikuwa inatafuta vijana wa kubeba GPS. Nilikuwa na miaka 27, nina shahada, nina shati la mifuko mingi nililolinunua Kariakoo kwa ajili ya safari hiyo. Nikaona nimefika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti wa mitetemo, mkoani Lindi. Kwa asiyejua: kabla ya kuchoronga kisima, kampuni inataka kwanza kuona miamba ilivyojipanga huko chini. Inakatwa mikuza iliyonyooka kama rula, kilomita na kilomita, kupita mashambani na vichakani. Vinatandazwa vifaa vidogo vya kusikiliza ardhi, jiofoni. Halafu linapita lori zito, tani zaidi ya 20, linashusha sahani ya chuma na kuitetemesha ardhi. Pengine badala ya lori hutegwa baruti kwenye mashimo mafupi. Mtetemo unashuka, unagonga miamba, unarudi, unarekodiwa. Basi. Hakuna kinachochimbwa, hakuna bomba, hakuna moshi. Bosi wangu alikuwa na msemo wake: "Hii ni kazi ya kupita tu." Nikaamini kwamba mradi wa kupita tu unahitaji tathmini ya kupita tu.

Tuliingia mwezi wa Septemba, siku sita. Nisiwachoshe na siku tano za kwanza. Ni vumbi, pancha, na mtendaji wa kijiji aliyekuwa hapatikani. Siku ya sita tukafika kwenye bonde moja pana, udongo mweusi uliopasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Hakuna tone la maji. Nikapiga picha, nikaandika kwenye daftari: hakuna mkondo wa maji wa kudumu. Upande wa pili palikuwa na vichaka. Nikaandika: vichaka visivyo na matumizi maalumu.

Pembeni ya bonde kulikuwa na nyumba ya bibi mmoja. Nilimwamkia, akanikaribisha kivulini chini ya mkorosho, akanipa maji kwenye kata. Yalikuwa baridi, yana ladha ya udongo kidogo. Nikanywa kata mbili. Nikashukuru, nikaondoka.

Mkutano wa wadau tuliufanya kesho yake asubuhi kabla ya kurudi. Walikuja wanaume 23, na wanawake wawili walioketi nyuma kabisa. Daftari la mahudhurio likasainiwa, posho ikagawiwa, picha zikapigwa za kuweka kwenye kiambatisho. Swali lililoulizwa sana lilikuwa la ajira. Ripoti ikasema jamii imeupokea mradi kwa mikono miwili.

Sasa twiga. Kuandika nilipewa wiki mbili, na bosi akanipa ripoti ya mfano, ya mradi wao wa zamani huko kaskazini. Nikabadilisha majina ya vijiji, nikabadilisha ramani, nikabadilisha mvua. Orodha ya wanyama nikaisahau. Tulipokaa mbele ya kamati ya kupitia ripoti, mzee mmoja akavua miwani, akanitazama kwa upole kabisa, akauliza: "Mwanangu, huyu twiga wenu wa ukurasa wa 61, Rufiji alivuka kwa daraja au kwa kivuko?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu yeyote anayewajua wanyama wa nchi hii anajua twiga wanaishia kaskazini ya Mto Rufiji. Mimi mtaalamu sikujua. Tukapewa marekebisho, tukamtoa twiga, tukasahihisha tahajia na namba za kurasa, cheti kikatoka. Wenzangu waliniita Twiga kwa miaka miwili.

Kuchekwa nilikumeza. Kilichonikaa kooni mpaka leo ni kwamba kamati ilimwona twiga, na hakuna aliyeliona bonde. Wangelionaje? Ripoti yangu ilisema hapana kitu pale.

Magari yaliingia Februari 2015. Mvua za kusini zikiwa zimekolea. Lile bonde langu la udongo uliopasuka lilikuwa limegeuka ziwa la mpunga, majaruba mwanzo mpaka mwisho. Mkandarasi alihitaji kupitisha malori, na ripoti ilimwambia hakuna mkondo wa maji, kwa hiyo akamwaga kifusi, akashindilia barabara ya muda kukatiza bonde bila kalavati hata moja. Kwa karatasi yangu, hakukosea. Maji yakakosa pa kupita. Majaruba ya juu yakazama, ya chini yakakauka mpunga ukiwa unachanua. Na mikuza ikapita katikati ya vile vichaka visivyo na matumizi, ambako wanawake wa vijiji vitatu huchimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa. Msomaji wa Dar ambaye hujawahi kula ming'oko iliyochemshwa na kuuzwa kando ya barabara, pole. Ila jua kwamba kuna miezi nyumba nyingi za kule zinaitegemea. Kisha wakapita wengine kwenye mikuza: wachoma mkaa na pikipiki zao. Njia ukishaifungua, huchagui atakayeipita.

Kampuni ikatuita. Nikatumwa mimi. Nimesimama mbele ya kijiji kizima, safari hii wanawake wamekaa mbele, yule bibi akanyoosha kidole.

"Wewe si ndiye uliyekuja kiangazi?"

"Ndiyo, bibi."

"Ulikunywa maji yangu. Kwa nini hukuniuliza nayatoa wapi?"

Alikuwa anayachota kwenye mchanga wa lile lile bonde. Kiangazi maji yanashuka chini, unachimba kiasi cha mkono mzima unayapata. Majibu yote ya tathmini yangu yalikuwa ndani ya kata niliyoishika mkononi.

Fidia ililipwa, baada ya mabishano marefu ambayo sitayasimulia. Ofisini, kwenye kikao na mteja, bosi alisema: "Tulikuwa na kijana mgeni kwenye timu." Nakala iliyorekebishwa ilipotoka, jina langu halikuwemo. Lake lilibaki ukurasa wa kwanza, na mwaka huo huo akapata kazi nyingine mbili kubwa. Mimi nilirudi kutoka Lindi kwa basi, nauli yangu mwenyewe. Msinielewe vibaya, kosa lilikuwa langu. Lakini aliyetoa siku sita na ripoti ya kaskazini sikuwa mimi.

Haya, kijana wangu, na wengine mnaoutafuta usajili wa mtaalamu elekezi wa mazingira kama nilivyoutafuta mimi kwa jasho: nenda mara mbili. Nenda kiangazi na nenda masika. Najua bajeti hairuhusu. Bajeti haijawahi kuruhusu. Ukishindwa kabisa kurudi, uliza kila utakayekutana naye: hapa Februari pakoje? Usiulize "kuna mto?" Mto kwa mwulizaji wa mjini ni maji unayoyaona.

Na usipeleke mkutano wakati wa korosho. Kuanzia Oktoba mwenye mikorosho yake yuko chini ya mkorosho, anaokota. Utakaoongea nao ni wasio na shamba, nao watakuuliza ajira. Wanawake kaa nao peke yao, bila mwenyekiti wa kijiji, bila mtu wa kampuni, ikiwezekana pale pale kwenye maji. Mimi siku hizi nabeba ndoo. Siyo utani. Nafuata wanawake na ndoo alfajiri, na kufikia saa mbili nina ramani ya visima ambayo hakuna setilaiti itakayonipa.

Hatua ya kuchoronga ikifika, ndiyo uache kabisa habari za kupita tu. Mtambo hutumia tope maalumu linalozungushwa kisimani kupoza patasi inayotoboa mwamba na kupandisha vipande vya mwamba juu. Tope hilo na vipande hivyo vinahitaji pa kuwekwa, na kwa kawaida ni shimo. Uliza shimo limetandikwa nini chini. Uliza mvua kubwa ikijaza shimo, yanamwagikia wapi. Uliza tope ni la maji au la mafuta, maana hayo hayafanani hata kidogo. Uliza mabomba ya chuma yatakayozungushiwa saruji yanashuka mpaka chini ya tabaka la maji matamu au yanaishia juu yake. Gesi ikijaribiwa itachomwa mchana na usiku. Nyumba ya karibu iko mita ngapi? Na maji ya visima vya kijiji yapimwe kabla mtambo haujashushwa kwenye lori. Huko Ogoni, eneo la mafuta nchini Nigeria, wataalamu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 walitoa ripoti iliyoonyesha visima vya kunywa vya jamii moja vina benzini, kemikali inayosababisha saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango cha WHO. Usiingoje siku kama hiyo ndipo uanze kutafuta maji yalikuwaje zamani.

Mteja atakwambia: gesi ipo hapa hapa, hatuwezi kusogea. Usikubali haraka. Siku hizi kisima kinachorongwa kwa kupinda. Uganda, mradi wa mafuta wa Tilenga umepangiwa visima takriban 400 kwenye majukwaa 31 tu, kwa sababu kutoka kiwanja kimoja unaweza kufikia sehemu nyingi chini. Mwezi uliopita, na hili nalisema kwa majivuno yote niliyonayo, kampuni moja ilikubali kusogeza kiwanja cha kisima mita 400 kutoka kwenye bonde, kwa hoja niliyoiandika mimi, kwa picha nilizopiga mimi, masika, nikiwa na matope mpaka magotini. Jina langu liko ukurasa wa kwanza.

Kifungu cha 81 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinasema mradi usianze kabla ya tathmini. Hakisemi tathmini iwe ya kweli. Hilo wametuachia sisi, na wengi wetu tumekuwa wauza mihuri. Mnanijua, nasema wazi: mtaalamu anayesaini ripoti ya mahali asikolala hata usiku mmoja ni mwizi, na anamwibia mtu ambaye hatakaa amjue. Mpango wa usimamizi wa mazingira usio na shilingi mbele ya kila kazi na jina la atakayeifanya ni karatasi ya kufungia maandazi. "Mikuza itarudishwa katika hali yake." Na nani? Lini? Kwa fedha ya fungu gani? Uliza. Uliza tena. Na nenda masika.

Yote hayo niliyaandika jana usiku, nikamtumia yule kijana, ujumbe mrefu kuliko wake. Nikamwambia atakapofika avue viatu, aingie bondeni, aguse mchanga. Nikamwambia habari za bibi. Za bosi pia nilimwambia, kidogo.

Asubuhi nimekuta jibu lake.

"Asante sana kaka, nimesoma yote. Sasa ile ripoti ya mfano utanitumia lini?"

Sijamjibu.