Kabla ya kulipa ada ya unesi, uliza wodi

Chuo cha uuguzi kichague kwa wodi, usikichague kwa vigae. Mzazi akienda kukagua chuo ataoneshwa maktaba, chumba cha kompyuta na mdoli wa plastiki aliyelazwa kitandani. Sawa, aangalie. Kisha aulize: wanafunzi wanajifunzia hospitali gani, iko umbali gani, na vyuo vingapi vinagombea wodi hiyo hiyo?

Mimi ni muuguzi mkunga. Kazi yangu ni ya leba, na siku hizi nasimamia pia wanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Kuna zamu mama mmoja anazungukwa na darasa zima. Wa mbele anapokea mtoto, wa nyuma anaona migongo ya wenzake. Kitabu chake cha vitendo kitajazwa na kusainiwa, mikono itabaki mitupu. Nilisoma kwenye chuo kilicho ndani ya uzio wa hospitali ya misheni huko wilayani, majengo ya kizamani, maji ya kubeba kichwani, lakini kufika mwaka wa pili nilikuwa naingia zamu ya usiku na mkunga mzee akinisimamia hatua kwa hatua. Mzazi akiniuliza leo, humpeleka kwenye chuo cha namna ile hata kama hakina geti la kupendeza.

Bila shaka chuo kiwe kimesajiliwa na NACTVET (baraza la Tanzania linalosimamia elimu ya ufundi), na mtoto awe na sifa: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Fizikia huwaangusha wengi. Dalali akikwambia "hiyo tutairekebisha", ujue anatafuta hela ya kula. Stashahada ni miaka mitatu, halafu unakuja mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Bila leseni huajiriwi kama muuguzi. Kwa hiyo uliza waliomaliza mwaka jana wamefaulu vipi mtihani huo. Chuo kinachojiamini hujibu bila kuzunguka.

Sasa pesa. Ada iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo ya kujiunga ni mwanzo tu. Geuza karatasi: kuna mitihani, hosteli, sare, viatu, saa ya kubandika kifuani, mashine ya presha, na bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Kinachoumiza zaidi hakiandikwi kabisa: nauli na kodi ya chumba pale hospitali ya vitendo inapokuwa wilaya nyingine. Hesabu gharama za miaka yote mitatu kabla hujalipa muhula wa kwanza.

Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, lakini kwa kozi zilizotajwa kwa majina kwenye mwongozo wake. Usiridhike kusikia "kozi za afya" redioni. Fungua mwongozo wa mwaka huo, tafuta jina la kozi yenyewe, na usipoliona usiuweke mkopo kwenye bajeti. Mwenye sifa za shahada (miaka minne, na mmoja wa mafunzo kazini) aombe. Huko mkopo umezoeleka.

Mdogo wangu hakuwa na mkopo, tulimsomesha kwa awamu. Shida ya familia kama yetu ni kalenda: chuo kinafungua Oktoba, kikoba cha mama kinagawana Desemba, na mahindi ukiyauza yote msimu wa mavuno unayatupa. Tulimwendea mhasibu kabla chuo hakijafunguliwa, tukaomba awamu ya kwanza iwe ndogo na ya pili iangukie Januari. Alikubali, tukaandikishana. Nenda mapema hivyo. Anayefika wiki ya mitihani na habari za mahindi husikilizwa na mlinzi wa getini.

Ulipe kwa namba ya malipo au akaunti ya chuo tu, kamwe si kwa simu ya mtu, hata akijiita msajili. Stakabadhi azitunze mwanafunzi mwenyewe mpaka siku anapokabidhiwa cheti, kwa sababu wahasibu huhamishwa, na anayeonekana kudaiwa hapewi cheti hadi athibitishe kuwa alilipa.