Skoa ya triaji kutabiri nani atakufa: inawezekana, ila angalia kwanza nani kahesabu pumzi

Mkuu umeuliza kama unaweza kuchukua skoa za triaji (pointi za kupanga nani aonwe kwanza) za pale imajensi ukazitumia kwenye risechi yako kutabiri nani atalazwa na nani atafariki. Kwa kundi kubwa la wagonjwa ndiyo, skoa ikipanda na vifo vinapanda, hilo halina ubishi. Kwa mgonjwa mmoja mmoja usiiamini kivile. Mimi ni nesi, meza ya triaji nimeikalia miaka, hospitali ya mkoa huku bara, nakupa ya mezani sio ya darasani.

Sisi tunatumia triaji ile ya Sauzi (Afrika Kusini), inaitwa SATS, ilianzia Cape Town 2004. Ndani yake kuna TEWS, ndiyo skoa yenyewe, unajumlisha pointi za mambo saba: anatembeaje, pumzi, mapigo, presha (ile namba ya juu), joto, fahamu, na kama ameumia. 0 mpaka 2 rangi ya kijani, 3 na 4 njano, 5 na 6 chungwa, 7 kwenda juu nyekundu. Nyekundu anaonwa hapo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani saa nne.

Sasa shida iko kwenye pumzi. Fungua mafaili yoyote utakuta 20, 20, 18, 20, kama vile mkoa mzima unapumua kwa pamoja 😂 Hakuna anayehesabu, foleni imefika getini, mashine ya presha inatoa namba yenyewe lakini pumzi lazima usimame umwangalie mtu kifua dakika nzima. Kuna mama aliletwa na mwanae, analalamika homa na mwili kuisha nguvu, anatembea kwa kushikiliwa (1), mapigo 118 (2), presha 105/60 (0), joto 37.9 (0, na panadol alishameza nyumbani), anaongea vizuri, na mwanafunzi kaandika pumzi 20 (1). Jumla 4, njano, kakae benchi. Nilivyomwona anavyoinua mabega nikamwambia dogo hebu hesabu tena dakika nzima. 34. Hiyo ni pointi 3 badala ya 1, jumla 6, chungwa, akaingia ndani akawekwa oksijeni. Mama yule yule, kiti kile kile! Kwahiyo ukichukua mafaili yenye 20 kila mstari ukayaingiza kwenye SPSS (programu ya takwimu), utakachokuwa unapima ni uvivu wetu, sio ugonjwa.

Pia TEWS peke yake sio rangi. Mtu anakuja anatembea mwenyewe kifua kinambana, TEWS yake 1, lakini maumivu ya kifua tu yanampandisha chungwa moja kwa moja. Ukichukua namba ukaacha rangi ya mwisho, huyo umempoteza. Na wazee wanaomeza atenolol (dawa ya presha inayopunguza mapigo) mapigo hayapandi hata hali ikiwa mbaya, skoa inatoka nzuri na mzee anazidiwa hapo hapo kwenye kiti.

Kingine ni hayo matokeo utakayochagua. Kulazwa ICU (wodi ya mahututi) usikuguse, huku kwetu anaingia ICU aliyekuta kitanda, sio aliyezidiwa zaidi. Kifo ndani ya saa 24 ni safi kidogo ila waliopewa rufaa na walioondoka na ndugu zao utawatafuta kwa simu, vinginevyo utawahesabu wazima. Halafu kumbuka nyekundu anapona kwasababu amekimbiliwa na njano anakufa kwasababu kakaa benchi mpaka jioni, hiyo nayo itaingia kwenye namba zako, andika muda aliofika na muda aliomwona daktari.

Kama una uwezo chukua skoa mbili, ya mlangoni na ya baada ya saa moja au mbili. Aliyeingia na 6 akashuka 3 na aliyeingia na 4 akapanda 6, mimi wa kumhofia ni huyo wa pili, na skoa ya kwanza peke yake haikuonyeshi hilo hata uwe na wagonjwa elfu.

Waliofika wameshafariki, wale wa bluu, watoe kabisa wasikupandishie matokeo bure. Watoto weka pembeni, fomu zao ni tofauti, kuna ya chini ya miaka 3 na ya 3 mpaka 12, pumzi 34 kwa kichanga sio habari. Kama tayari una eksel, futa majina ya wagonjwa utume vichwa vya safu hapa tuvitazame.