Njaa ya saa tatu usiku inaanzia asubuhi

SWALI: Dada shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili nakaa Mbagala, kazi yangu ni duka la vitambaa Kariakoo. Nimeanza dayati mwezi uliopita, asubuhi nakunywa chai ya rangi bila sukari basi, mchana nakula tango na karoti, nikitoka kazini napitia jim nafanya zumba na mashine ya kukimbilia mpaka nguo zinalowa. Sa shida ni nikishuka kwenye daladala usiku, pale kituoni kuna kaka wa chipsi, yaani ile harufu tu najikuta nishaagiza chipsi mayai na soda, nakula zote palepale nimesimama, nikifika nyumbani namalizia ubwabwa wa watoto. Baadae naingia chumbani nalia. Kilo hazishuki na mashosti wananiambia eti sina nia. Dada kuna vidonge vya kukata hamu ya kula ambavyo ni salama?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na hilo la kulia limeniuma kweli. Hao mashosti wasikuvunje moyo, mtu anashinda amesimama dukani halafu anaenda jim na ana watoto wanamsubiri nyumbani, huyo anakosaje nia? Nia unayo, chakula ndo huna. Hebu angalia siku yako ilivyo, chai ya rangi haina kitu, tango karibu lote ni maji, karoti nayo kidogo tu, kwa hiyo mwili umekaa kutwa nzima bila chakula cha maana halafu jioni ukaupeleka mazoezini, sa hapo ukikutana na karai la mafuta ya moto saa tatu usiku ulitaka ufanyeje?

Njaa sio tabia mbaya mdogo wangu, ni mwili unafanya kazi yake. Kuna homoni inaitwa grelini, inatoka zaidi tumboni, inapanda tumbo likikaa tupu na inashuka ukishakula. Nyingine ni leptini, hiyo inatoka kwenye mafuta ya mwili na ndo inaiambia ubongo kwamba akiba ipo, ukijibana sana kula inashuka haraka kuliko hata kilo zenyewe, na ubongo unaanza kukutafutia chakula kwa nguvu zote.

Mwaka 1944 na 1945 kule Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wazima kabisa waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa miezi sita mpaka kalori kama 1,570 kwa siku, na kila wiki walitakiwa watembee kilomita kama 35. Wale watu walianza kuota chakula, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama gazeti, na kuna walioshindwa wakala kwa kuiba. Wanaume wenye afya, waliochaguliwa! Na kwa nilivyosoma barua yako mi naona mchana wote unakula chini ya walivyokula wao.

Kwa hiyo naomba uanze kula asubuhi. Mayai mawili ya kuchemsha na viazi mviringo viwili vya kuchemsha, au kiazi kitamu na maziwa. Usiogope viazi, mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha vyakula 38 kuona kipi kinashibisha zaidi kwa kalori zilezile, kilichoshinda vyote ni viazi vya kuchemsha, mkate mweupe viliuacha zaidi ya mara tatu. Kiazi kilekile ukikitumbukiza kwenye mafuta ndo habari inabadilika, manake kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori kama 120, na chipsi mayai inakunywa vingapi pale kwenye kikaango, wewe mwenyewe umeshaona kaka anavyomimina.

Mchana nenda kwa mama ntilie kama wenzio, hakuna haja ya kujitenga na tango lako. Mwambie, "mama nipunguzie wali niongezee maharage, na mboga ya majani weka nyingi", kama kuna samaki wa mchuzi au dagaa chukua, juisi ya sukari acha. Atakuelewa, na anaweza asikuongezee hata bei. Maharage, choroko, kunde, hivi vina protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, vinakaa tumboni muda mrefu, wakati wali mtupu na mchuzi saa kumi ushaanza kutafuta karanga. Halafu kama saa moja kabla ya jim kula ndizi mbivu na mtindi, usiende kufanya zumba na tumbo tupu, wanaosema ndo mafuta yanaungua zaidi wanakutesa bure.

Usiku upike mapema au uache chakula kwenye hotipoti kinakusubiri, kawaida kabisa, ugali kiasi na tembele na maharage. Mtu anayejua nyumbani kuna chakula cha moto anapita pale kituoni kwa amani zaidi. Na kama kuna kituo kingine cha kushukia, shuka hicho kwa hizi wiki za mwanzo, sio uoga huo.

Chipsi sikukatazi. Ukisema sili tena maisha yangu yote utaziwaza mpaka usingizini. Chagua siku moja, Jumamosi labda, nunua, nenda nazo nyumbani, ziweke kwenye sahani na kachumbari nyingi, mle na watoto mmekaa. Ule taratibu, ubongo unachelewa kama dakika 20 hivi kupata taarifa ya shibe, na ukila umesimama kwa haraka haraka sahani inaisha kabla taarifa haijafika. Soda ndo ningeanza nayo kuiondoa, chupa ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35 na haishibishi hata kidogo. Na usijidanganye kwamba jim inafuta, mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 4 anatumia kalori kama 320 tu, chipsi mayai na soda zinazirudisha zote na chenji inabaki. Jim endelea, ina faida kwa moyo, sukari, usingizi, mawazo, ila kilo nyingi zinaamuliwa jikoni.

Usingizi nao usiusahau. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana masaa manne kwa siku mbili tu, grelini ikapanda kwa asilimia 28, na walichotamani zaidi ni vitamu, vya chumvi na vya wanga. Wewe unaingia nyumbani usiku na unaamka alfajiri kuwahi gari, kama ni lazima uache jim siku mbili kwa wiki ili ulale, acha. Na siku za kabla ya hedhi njaa ikizidi ni kawaida kabisa, ongeza chakula kidogo usijilaumu.

Vidonge sasa. Nakuomba sana usinunue hivyo vinavyouzwa mitandaoni na mitaani. Dawa moja ya kukata hamu inaitwa sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi, na mpaka leo wakaguzi wa dawa Marekani wanaikuta imefichwa ndani ya bidhaa zinazoandikwa "asilia". Chai za kukata tumbo nazo zinakuharisha, unapoteza maji unadhani ni mafuta. Dawa za uzito za kweli zipo ila zinaandikwa na daktari baada ya vipimo.

Na hilo la kula mpaka unalia, ukianza kula vizuri mchana na bado linajirudia kila wiki, nenda hospitali uongee na daktari, ni ugonjwa unaojulikana na unatibika.

SWALI: Dada mambo, mi ni wa Morogoro, nina miaka 41, nakimbia kila asubuhi na nimepunguza ugali. Ila ikifika saa kumi ofisini nataka kitu kitamu kama kichaa, nakula maandazi, chai ya vijiko vitatu, kwa siku vikombe vinne.

JIBU: Poa kaka yangu. Vijiko vitatu mara vikombe vinne ni vijiko 12, hapo ni karibu gramu 50 za sukari kwenye chai peke yake, na Shirika la Afya Duniani linasema zisizidi hizo kwa siku nzima na ikiwezekana ziwe 25. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea, ukikata ghafla utarudi. Saa tisa na nusu, kabla hamu haijafika, kula karanga kiganja kimoja na tunda, halafu inuka uzunguke dakika kumi, hamu nyingi inapita yenyewe usipokaa karibu na sahani ya maandazi.

Lakini pia niambie ukweli, una kiu sana? Unaamka usiku kukojoa? Kilo zinashuka kuliko ulivyotegemea? Kama jibu ni ndio hata kwa moja, kesho usikimbie, nenda kituo cha afya ukapime sukari kabla hujanywa hiyo chai ya kwanza.