Kabla hujamponda huyo mdudu mweusi kwenye maharage

Niliwaua watoto wa wadudu-kibibi mmoja mmoja kwa kidole gumba, siku mbili mfululizo, nikidhani naokoa maharage yangu. Machipukizi yalikuwa yamejaa vidukari, wale ambao wengine huwaita wadudu mafuta, na katikati yao kulikuwa na wadudu wengine weusi, warefu, wana vinundu vyenye miiba mgongoni na madoa ya rangi ya chungwa ubavuni. Ukiwatazama vizuri ni kama mamba wadogo. Nani asingedhani hao ndio wezi?

Siku ya tatu vidukari walikuwa wameongezeka. Nikachoka, nikachuchumaa nikamtazama mmoja wa wale weusi bila kumgusa. Akamkamata kidukari, akamnyanyua kidogo kutoka kwenye jani, akamfyonza hadi ikabaki ngozi tupu. Akamgeukia wa pili. Nikakiangalia kidole changu.

Mdudu-kibibi mzima, yule mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, anajulikana na kila mtu. Anayeponzwa na sura yake ni mtoto, yaani lava, na yeye ndiye mlaji hasa. Hadi anapokomaa anakuwa amekula vidukari mamia. Mama naye hali haba, anaweza kumaliza hamsini kwa siku, ila yeye ana mabawa. Akiona chakula kimepungua anaondoka zake. Lava hana pa kwenda.

Kwa hiyo anza kukagua chini ya majani. Mayai ni ya manjano, membamba, yamesimamishwa wima kwa kikundi kama watu waliobanana kwenye basi, na mama huyataga karibu na vidukari makusudi. Huanguliwa baada ya siku chache. Usishangae ukiona aliyetangulia kutoka anamla ndugu yake ambaye bado yumo kwenye yai. Njaa yao haichagui.

Lava hujivua ngozi mara kadhaa na kukua kwa wiki mbili tatu, kutegemea joto na chakula. Kisha hujibandika mkia kwenye jani, akajikunja, akatulia. Hapa ndipo watu hukosea mara ya pili, kwa sababu pupa huyo, yaani lava aliyetulia akigeuka kuwa mdudu mzima, anafanana na tone la kinyesi cha ndege, na mtu anayependa usafi humbandua akamtupa. Mguse taratibu kwa ncha ya jani: akijiinua ghafla kisha akalala tena, yu hai, mwache. Baada ya wiki moja hivi anatoka mdudu laini, wa manjano iliyopauka, hana doa hata moja. Madoa hujitokeza saa chache baadaye. Yale maneno kwamba idadi ya madoa ni umri wake ni hadithi tu. Mwenye madoa saba atakufa na saba zake.

Kuhusu dawa, mimi nimeacha kukimbilia bomba. Dawa nyingi za wadudu haziwachagui, na hata maji ya sabuni yakimpata lava yanamdhuru. Ukiona mayai au lava, subiri wiki moja, huku ukipunguza vidukari kwa kumwaga maji kwenye mashina yasiyo na mayai wala lava. Angalia pia sisimizi. Hao hunywa maji matamu yanayowatoka vidukari, na huwafukuza wadudu-kibibi kama mchungaji afukuzavyo fisi. Ukiwazuia sisimizi kupanda, umeshafanya nusu ya kazi. Nikikuta jani lenye mayai mahali pasipo na vidukari, hulikata nikalifunga kwa uzi kwenye tawi lenye shida. Hiyo imenisaidia kuliko kuwahamisha wazima, ambao waliruka kabla sijafika nyumbani, mmoja akiniachia majimaji ya manjano yenye harufu kali kiganjani. Hutoka kwenye viungo vya miguu wanapoogopa, na ndege wengi hawayapendi.

Si wote wa ukoo huu ni marafiki, lakini. Wapo wanaokula majani, hasa ya maboga, viazi na maharage. Huwa na vinyweleo vinavyowafanya wasing'ae, na lava wao ni wa manjano mwenye miiba yenye matawi. Jani wanalopita hubaki kama wavu. Hao, ponda.

Na mwaka jana nilikuta vidung'ata, wale weupe wenye unga kama pamba, kwenye ua lililopandwa katika chungu. Nikachukua kitambaa nikawafuta. Nusu ya tawi ilikuwa imeshakuwa safi nilipoona kimoja kati ya vile "vidung'ata" kinakimbia mbio kuliko wenzake. Kumbe kuna mdudu-kibibi ambaye lava wake hujivika nta nyeupe akafanana nao kabisa, anawala hapohapo walipo. Kitambaa kilikuwa na wanne.