Biri chungu, ganda limepasuka: tatizo ni ukavu

Kaka wa Uyole, umeuliza kuhusu biri yako (sigara nene ya majani ya tumbaku) ya Nikaragua iliyopasuka ganda, yaani jani la nje, na kuwa chungu: usiipe alama ya ladha kwanza. Imekauka. Kiangazi cha Mbeya huku juu kinakausha tumbaku vibaya. Zilizobaki ziweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na pakiti ya unyevu ya asilimia 69 (inayotunza hewa ya kopo kwenye unyevu huo), wiki mbili au tatu. Ile mbinu ya kutia kipande cha kiazi achana nayo, inaotesha ukungu.

Kisha bonyeza biri polepole toka kichwa (ncha ya mdomoni) hadi mguu (ncha ya kuwashia). Ikiwa na fundo gumu, hewa itakwama. Ikilegea mahali, hapo itaungua upande. Kata milimita 2 tu za kofia (kipande cha jani kinachofunika kichwa), ukizidisha jani linafumuka. Ivute kabla ya kuwasha: ladha ya nyasi kavu au mbao utaipata hapo, na utajua kama hewa inapita.

Unapowasha, zungusha mguu juu ya mwali bila kuugusa. Halafu pafu moja kwa dakika. Wengi wanaivuta kama sigara ya kawaida, inachemka, wanalaumu tumbaku! Moshi usiumeze, uzungushe mdomoni, kidogo kitoe puani, ndipo ladha za pilipili na kakao zinapojitenga. Andika alama kwa kila theluthi ya biri. Ya mwisho huwa kali kwa kawaida, isikupotoshe.

Na kula kwanza. Nikotini inapenya hata mdomoni, tumbo tupu litakuzungusha kichwa.